Kujisikia Mzima

Mwenye virusi vya Sida aliyerudiwa na nguvu, je, ana haki ya kupumzisha dawa? Mwili ni wangu, asema. Lakini moto haukuzimika: virusi vimejificha, mwili hupigana navyo, na vita hivyo huumiza kuta za mishipa ya damu, mafuta huganda humo, njia ya damu kwenda moyoni ikawa nyembamba. Dawa hupunguza moto huo, haiumalizi. Katika jaribio lililokomeshwa mwaka 2006, wagonjwa 5,472 waligawanywa karibu nusu kwa nusu: waliopumzisha dawa walikufa 55, wenzao 30. Vidonge vya kila siku vyachosha, sikatai. Nilimwuliza baba mmoja: watoto wako watalishwa na nani? Akanyamaza kitambo, akaomba maji ya kumezea.