Kila Nilichoandika Kilikuwa Kweli

Miaka kadhaa iliyopita mhariri wa jarida moja la chuo kikuu aliniandikia baruapepe akiniomba nimsomee mswada. Mimi si mhadhiri. Ni mwandishi wa habari mwenye shahada ya pili, na kwa kuwa tasnifu yangu ilihusu mashairi ya magazetini, nadhani alinifikia baada ya kukosa watu wawili watatu. Mswada wenyewe ulihusu mashairi ya Mambo Leo, lile gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza Tanganyika mwaka 1923. Jina la mwandishi lilikuwa limefutwa. Ndivyo taratibu zinavyotaka: anayesoma asijue anamsoma nani, na anayesomwa asijue kasomwa na nani. Siwezi kukataa, niliona fahari. Nikajibu siku hiyohiyo kwamba naam, nitausoma.

Kufika ukurasa wa tatu nilikuwa nimeshamjua mwenye mswada.

Kilichomtoa ni maneno mawili tu. Katika watu wote niliowahi kuwasoma, ni mmoja anayeanza aya kwa "Yatosha kusema", halafu haitoshi, anaendelea kusema kurasa nne. Alinifundisha nikiwa mwaka wa pili. Siku moja alisoma insha yangu kwa sauti mbele ya darasa zima, sentensi moja baada ya nyingine, akisimama kila penye kosa ili watu wapate nafasi ya kucheka. Walicheka. Mimi pia nilicheka, ungefanyaje? Nikatoka pale nikajiapiza kwamba sitaandika tena kitu cha kitaaluma, kiapo ambacho kama mnavyoona sikukiweka vizuri.

Nilipaswa kumwandikia mhariri mistari miwili: mwandishi huyu namfahamu, tafuta mtu mwingine. Hata miongozo inasema hivyo. Kuna kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, inaitwa COPE, na majarida mengi duniani hufuata mwongozo wake. Unamtaka mhakiki anayehisi kamjua mwandishi, na kujuana huko kukawa kunaweza kupotosha maamuzi yake, aseme. Sikuwa nimeusoma wakati ule. Lakini tusidanganyane, jambo hili halihitaji mwongozo. Nilijua. Nilinyamaza, nikaandika ripoti ya kurasa tatu usiku mmoja, kwa kasi ambayo kazini huwa naipata mara chache.

Sasa hapa ndipo penye swali langu. Sikudanganya popote. Mswada ulikuwa na jedwali la mashairi lisiloonyesha kila shairi limetoka toleo lipi la gazeti. Hoja yake kuu ilisimama juu ya mashairi sita, huku mwandishi akizungumza kama kwamba amesoma miaka ishirini ya Mambo Leo. Tafiti za karibuni hazikutajwa hata moja. Mtu yeyote mwenye mswada ule mkononi angeweza kuchukua ripoti yangu na kuthibitisha kasoro moja baada ya nyingine, kwa namba ya ukurasa.

Ila kulikuwa na sehemu, kurasa saba au nane hivi, kuhusu washairi waliokuwa wakijibizana kupitia gazeti, huyu yuko mji huu, yule mji ule, hawajawahi kuonana, na jinsi heshima na kejeli zilivyokwenda pamoja katika tungo zao. Sehemu hiyo ilikuwa nzuri kweli. Nilijifunza kitu. Katika ripoti niliandika kwamba "kuna maeneo yenye kuvutia". Maneno manne. Mwishoni mwa fomu kulikuwa na visanduku: kubali, marekebisho madogo, marekebisho makubwa, kataa. Mswada kama ule ungekuwa wa mtu nisiyemjua ningeweka alama kwenye marekebisho makubwa. Niliweka kwenye kataa. Na ukakataliwa.

Nimewahi kumsimulia mwenzangu mmoja wa chumba cha habari kisa hiki. Akaniuliza, "Kwani ulisema uongo?" Nikamwambia hapana. "Basi, kaka, usijitese." Kwake yeye hakimu akitoa hukumu iliyo sahihi, moyo wake ni wake mwenyewe. Mwizi kafungwa, kama hakimu alimchukia au alimpenda inahusu nini? Ni hoja nzito na nilitamani sana inikae. Haikunikaa.

Mwaka 1982 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Douglas Peters na Stephen Ceci, walichapisha matokeo ya mchezo waliowachezea wahariri. Walichukua makala 12 ambazo tayari zilishachapishwa na watafiti wa vyuo vyenye sifa, wakabadilisha majina ya waandishi na ya vyuo, wakabuni taasisi zisizojulikana, kisha wakazirudisha kwenye majarida yaleyale yaliyozichapisha. Makala tatu tu ndizo zilizogunduliwa. Katika tisa zilizobaki, nane zilikataliwa. Watu hukisimulia kisa hiki kuonyesha kwamba jina kubwa linabeba, na ni kweli linabeba. Kinachonishughulisha mimi ni sababu zilizotolewa. Wahakiki hawakusema "huyu hatumjui". Walitaja kasoro za utafiti, kasoro nzito. Na ninavyodhani mimi, nyingi ya kasoro hizo huenda zilikuwemo kweli, tangu mwanzo, hata zile makala zilipokubaliwa mara ya kwanza.

Hebu fikiria maana yake. Hakuna mswada usio na kasoro. Anayetaka kuzipata atazipata, na zitakuwa za kweli. Kwa hiyo kazi ya mhakiki ni kupima: hii ina uzito gani, inarekebishika, inaua hoja nzima au inaichubua tu, na ikiwekwa kando ya kile kilicho kizuri inabaki na ukubwa gani? Mimi sikuongopa juu ya bidhaa. Nilikalia mizani. Mfano wa mwenzangu wa hakimu na mwizi ndipo unapovunjika, kwa sababu swali la mwizi ni aliiba au hakuiba, ila swali la mswada halijawahi kuwa una kasoro au hauna.

Sisi wa Kiswahili tuna historia yetu wenyewe ya kasoro za kweli. Mwaka 1930 ilianzishwa kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki, ambayo jarida lake, baada ya kubadilika jina, ndilo leo linaitwa Kiswahili na linatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kamati ile ilipitia miswada ya vitabu na kuipa ithibati ile iliyofuata Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja. Katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu watupu. Mtu wa Mombasa akiandika Kimvita cha bibi yake, lugha iliyokwishabeba tenzi kabla kamati haijazaliwa, kwa kipimo kile alikuwa amekosea. Na kwa kipimo kile, msahihishaji alikuwa sahihi! Sisemi usanifishaji haukuwa na faida, mimi mwenyewe nakula kwa Kiswahili sanifu. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuwa sahihi mstari kwa mstari na bado akamdhulumu aliye mbele yake.

Basi tufanyeje? Wapo wanaosema dawa ni mhakiki kutoa jina lake. Jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilianza kuwataka wahakiki wajitaje kwa waandishi mwaka 1999, baada ya kulifanyia jambo hilo jaribio. Jaribio lilionyesha kwamba ripoti hazikuwa bora wala mbaya zaidi kwa maana yoyote kubwa, ila walioombwa kusoma walikuwa wepesi zaidi kukataa kazi. Kwangu mimi, ripoti ile yenye jina langu juu yake isingeandikwa, hilo naliapia. Ningemwandikia "Mwalimu, shikamoo" na ningepata maneno zaidi ya manne kwa zile kurasa saba. Lakini lete utaratibu huo kwetu uone. Mhadhiri msaidizi ataandikaje kwa jina lake kwamba mswada wa profesa ni mwepesi, wakati profesa huyohuyo mwakani atakaa kwenye kikao cha kupandisha vyeo? Ataandika kwamba ni kazi iliyotukuka. Pazia linamlinda mdogo dhidi ya mkubwa. Tatizo ni kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza katika uhusiano wetu, mkubwa nilikuwa mimi.

Kuna kisa kimoja ambacho nikikikumbuka huwa naona aibu kwa namna yake. Mwaka 1936 Albert Einstein, akiwa tayari ni Einstein, alipeleka makala kwenye jarida la Physical Review akidai, pamoja na msaidizi wake Nathan Rosen, kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri akampa mtu mwingine aisome. Akarudi na ripoti ya kurasa kumi: kuna kosa. Einstein alikasirika, akajibu kwamba hakuwa ameruhusu makala yake ionyeshwe mtu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Mhakiki yule, ambaye jina lake lilikuja kuthibitishwa mwaka 2005, alikuwa Howard Percy Robertson, aliyefanya kazi Princeton, mji mmoja na Einstein. Angeweza kuachia hapo na kungoja mzee aaibike. Hakufanya hivyo. Alijenga urafiki na Leopold Infeld, msaidizi mpya wa Einstein, wakakaa wakazungumza, akamwonyesha kosa lilipo bila kusema kwamba yeye ndiye aliyeandika ile ripoti. Makala ilitoka mwaka 1937 katika jarida jingine, hitimisho likiwa limebadilishwa. Robertson naye alijificha, tena pengine zaidi yangu. Lakini alichotaka ni makala inyooke. Mimi nilitaka nini? Ukiniuliza kama nilitamani makala ile ya Mambo Leo iwe nzuri zaidi, jibu ni hapana. Nilitamani ibaki na kasoro zake, maana ndizo zilizokuwa starehe yangu.

Makala nilikuja kuikuta mtandaoni, mwaka na nusu baadaye. Ilikuwa kwenye jarida mojawapo la yale ya kulipia, unatuma fedha leo, keshokutwa umechapishwa, wahariri wake hawaonekani wako nchi gani. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga utafiti wa uongo wenye makosa ambayo yeyote mwenye ujuzi angeyaona, akautuma kwa majarida 304 ya mtandaoni, na 157 yakaukubali. (Kwa waandishi wake alibuni majina ya Kiafrika na taasisi za Kiafrika zisizokuwepo, kwa kutumaini kwamba mhariri akiwatafuta mtandaoni asiwapate hatashangaa. Hilo nalo lina insha yake.) Sijui kilichomsukuma mwalimu wangu kwenda huko. Huenda ni cheo, huenda ni kustaafu kulikokuwa kunakaribia, huenda alichoka tu. Jedwali lilikuwa vilevile, bila namba za matoleo. Mashairi sita yalikuwa vilevile. Zile kurasa za washairi wanaojibizana nazo zilikuwemo, zimejaa makosa ya uchapaji, mahali pengine beti zimekatwa katikati kama samaki. Wanafunzi wanaitaja makala hiyo, nimeona mwenyewe katika tasnifu mbili.

Kwa hiyo hata ile sababu ya heshima, kwamba nililinda kiwango, siwezi kuisimamia. Marekebisho makubwa yangemlazimisha kurudi maktaba kutafuta namba za matoleo. Angekasirika, angenilaani bila kunijua, lakini jedwali lingekamilika.

Namba yake ya simu ninayo. Nimeanza kumwandikia mara tatu au nne. Kila mara nafika mahali najiuliza namwandikia kwa faida ya nani. Yeye anaamini, nadhani, kwamba alisomwa na mtaalamu fulani mkali wa mbali. Nikimwambia ni mimi, yule kijana wa insha, nitakuwa nimetua mzigo wangu na kumtwisha yeye, na nitakuwa nimevunja siri ya mhariri aliyeniamini. Nikinyamaza, ninanyamaza kwa mara ya pili.

Mwezi uliopita mhariri yuleyule amenitumia mswada mwingine. Safari hii ni kuhusu riwaya za magazetini. Nimefika ukurasa wa tano na nimeanza kuhisi ni wa nani, mtu tuliyesoma naye, ambaye kwa kweli nampenda sana. Nikamwandikia mhariri ile mistari miwili niliyoshindwa kuiandika mara ya kwanza. Akajibu usiku, kwa simu nadhani, maana hakuweka hata salamu: "Wewe ni wa tatu kuniambia hivyo. Wote mnajuana. Nimpe nani?"