Injini Iliyopashwa Moto

Ukienda kununua Noah iliyotumika hapa Kwa Sadala, wilayani Hai, fundi anayejua kazi yake haanzi kwa kufungua boneti. Anaweka kiganja juu yake. Bati likiwa na joto, na mwenye gari anaapa kwamba halijawashwa tangu jana, fundi atakuvuta pembeni akunong'oneze: "Mangi, hapa tuondoke." Injini inayosumbua kuwaka ikiwa baridi hupashwa moto alfajiri, ili mnunuzi akifika na fedha zake za ndizi iitike kwa ufunguo mmoja.

Ottawa, mji mkuu wa Kanada, hauna uhaba wa mafundi wala wa wanasheria. Mwaka 2019 ulizindua treni nyepesi ya mjini, njia ya kilomita 12.5 yenye vituo 13, kwa dola za Kanada bilioni 2.1. Nao ulipokea injini ya moto. Kilichonishangaza katika kisa chao ni kwamba mnunuzi mwenyewe alisaidia kuipasha.

Ilikuwa hivi. Jiji lilitaka treni ya aina iliyokwisha kuthibitika kazini. Kampuni ya Alstom ya Ufaransa ikaleta Citadis Spirit. Jina la ukoo lilikuwa kubwa, maana Citadis zinabeba watu katika miji mingi duniani. Lakini hii ilifanyiwa mabadiliko mengi ili ihimili baridi kali ya Kanada na kubeba umati wa saa za kazi, mpaka ikawa treni mpya yenye jina la zamani. Juu ya hapo lilikuwepo sharti la kutumia kazi na bidhaa za Kanada kwa kiwango fulani, kwa hiyo treni zikaunganishwa humo humo Ottawa, kwenye karakana iliyojengwa kwa ajili ya matengenezo. Sharti la kuwapa wenyeji kazi ni jema, nasi tunalidai kila siku kwenye miradi yetu. Ila treni mpya, ikiundwa na mikono mipya mahali papya, inadai miezi mingi ya majaribio. Miezi hiyo haikuwepo. Makabidhiano yaliyopangwa kufanyika Mei 2018 yalikwisha kupitiliza zaidi ya mwaka, na wananchi walikuwa wamechoka kusubiri.

Kabla ya kupokea mradi, treni zilitakiwa kutembea siku 12 kana kwamba zina abiria, zikitimiza asilimia 98 ya kilomita zilizopangwa. Majaribio yakaanza mwishoni mwa Julai 2019, na siku za mwanzo zikaenda vibaya. Badala ya kurudisha treni karakana, wakubwa wa pande zote mbili wakashusha kipimo: asilimia 96, tena zihesabiwe siku 9 bora kati ya zile 12. Treni zikafaulu. Madiwani, ambao ndio wenye jiji kwa niaba ya wapiga kura, hawakuambiwa kwamba mtihani umebadilishwa katikati ya chumba cha mtihani. Septemba 14 huduma ikaanza kwa vifijo.

Vifijo havikudumu. Abiria mmoja akizuia mlango usifunge, mlango unagoma, treni inasimama, na zilizo nyuma yake zinapanga foleni. Majira ya baridi yakaja na hitilafu za umeme na magurudumu yaliyolika upande. Agosti 2021 beringi ya ekseli iliharibika, treni ikatoka relini. Septemba 19, wiki chache tu baadaye, nyingine ikaacha reli ikiwa na abiria ndani. Chanzo? Bolti za giaboksi hazikukazwa ipasavyo ilipokuwa kwenye matengenezo. Kwa njia ya dola bilioni mbili, tatizo likawa spana. Njia ikafungwa siku 54 na wananchi wakarudi kwenye mabasi.

Tume iliyochunguza mradi huo chini ya Jaji William Hourigan ilitoa ripoti yake Novemba 2022. Haikuweka lawama zote kiwandani. Ilisema mradi ulikimbizwa kuingia kazini kabla haujawa tayari, na kwamba viongozi wa jiji waliwanyima madiwani taarifa waliyostahili. Toronto, jiji jingine la Kanada, nao wana cha kusimulia: waliagiza tramu 204 mwaka 2009 kutoka Bombardier, kampuni ya nyumbani kwao kabisa. Zilichelewa kwa miaka, na baadaye 67 za mwanzo zikalazimika kurudi kiwandani kwa sababu ya uchomeleaji mbovu.

Sasa msomaji wa Hai asije akasema hayo ni ya Wazungu.

Aprili 2015 Waziri wa Uchukuzi, Samuel Sitta, aliwasimamisha kazi vigogo wa Kampuni ya Reli Tanzania, TRL, akiwemo mkurugenzi mtendaji, kwa sababu ya ununuzi wa mabehewa 274 ya mizigo kutoka India. Zabuni ilitajwa kuwa ya Sh bilioni 230. Zilitajwa kasoro katika utaratibu wa zabuni, na mabehewa yenyewe yakalalamikiwa ubora wake. Yaani maswali yaliyopaswa kuulizwa kiwandani, kabla behewa la kwanza halijapakiwa melini, yaliulizwa baada ya mabehewa kufika nchini. Miaka miwili baadaye, Julai 2017, Rais John Magufuli alisema hadharani kuhusu vichwa 13 vya treni vilivyoshushwa katika Bandari ya Dar es Salaam bila mwenyewe kujulikana. Kichwa cha treni kina tani nyingi. Hakiwezi kupotea njia kikajikuta bandarini Kurasini. Kuna mahali karatasi zilitangulia bila fedha, au ahadi ilitangulia bila karatasi.

Hata reli yetu ya kisasa, ambayo naisifu na nimeipanda, ina ukurasa wake. Mkataba wa kujenga kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulisainiwa mwaka 2017. Mkataba wa vichwa vya umeme na treni zake na Hyundai Rotem ya Korea Kusini ukasainiwa 2021. Treni huundwa kwa miaka. Ukiiagiza wakati tuta linakaribia kukamilika, reli itakusubiri. Abiria wa kwanza wa kulipa nauli alipanda Juni 2024. Hapo kati tulibishana mitandaoni kama mabehewa yaliyoshuka bandarini ni mapya au ya mtumba. Ubishi huo ulikuwa na maana kidogo sana. Behewa lililotumika lenye vipuri na fundi anayelijua litakufikisha. Treni iliyorudi Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20, haikuwa na mabehewa ya kujivunia, na watu walijaa stesheni kuishangilia kwa sababu ilikuwa inafika.

Anayetaka kuona mwisho wa treni mpya isiyo na vipuri aangalie Addis Ababa. Mwaka 2015 Ethiopia ilifungua njia mbili za treni nyepesi, kilomita 34 kwa pamoja, kwa takriban dola za Marekani milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Zililetwa treni 41. Nauli ikawekwa ndogo ili mnyonge apande, na hapo hakuna wa kulaumu. Lakini vipuri vinatoka China na vinalipiwa kwa fedha za kigeni, ambazo nchi ilikuwa inazitafuta kwa tochi. Treni moja ikifa, mafundi wanachomoa vifaa vyake kuponya nyingine, kisha hiyo nyingine nayo inahitaji kifaa ambacho hakipo. Haikupita miaka kumi, treni zilizokuwa zinatembea hazikufika nusu ya zile 41. Abiria wakawa wanabanana kwenye zilizobaki.

Naandika haya nikiwa kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, kwa sababu mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia kwetu hadi Arusha na Musoma umo kwenye vitabu vya serikali, na siku utakapoanza tutashangilia sote. Tushangilie. Ila mbunge na diwani wako waulize mapema, kabla ya mkataba kusainiwa: treni hii imeshatembea wapi, na kwa miaka mingapi? Vipuri vya miaka mitano vimo ndani ya bei au ni zabuni nyingine? Nani ana mamlaka ya kubadilisha kipimo cha majaribio, na akikibadilisha atamwambia nani? Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 ipo, na zabuni sasa zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki. Mfumo hauna kiganja cha kuweka juu ya boneti. Wewe unacho, kakiweke.