Amana ya Kifuani

Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na mapadri, alipoona ya kuwa wazee wazijuao mila za Wakerewe wanaondoka mmoja mmoja, ilhali vijana hawaulizi tena habari za jana, alishika kalamu akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Na mswada ule ukakaa miaka 35 hata ukachapwa mwaka 1980 kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, naye mwaka uliofuata akafariki.

Humo imeelezwa, bila haraka, jinsi mume aendavyo ukweni kumtaka mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake, na wakwe wamtozavyo faini ya pombe ya ndizi. Je, msomaji wa Mwanza afungapo ukurasa wa mwisho huwa amekwisha kuyajua hayo? Nasema ameyapata, na kuyajua ni jambo jingine. Kwani ilimu ya pombe ile hukaa katika mkono ukamuao ndizi mbivu na katika ulimi utambuao saa ambayo togwa limegeuka kileo.

Kalamu, basi, imetudhuru? Hasha, pasipo Kitereza tusingekuwa hata na habari. Madhara huja pale tunapodhani kwamba jambo likishaandikwa faradhi ya kulihifadhi imetuondokea. Siku hizi katika soko la Mwaloni, Kirumba, huko Mwanza, simu ikimzimikia mchuuzi wa dagaa hawezi kumpigia hata mkewe kwa simu ya kuazima, maana namba haikupata kukaa kichwani mwake. Kwa namba sisikitiki, kwani hazina la kumfunza mtu. Nasikitika mtu anapoikabidhi simu dua zake na majina ya babu zake, akaona ametua mzigo.

Waislamu walilikabili suala hili mapema. Baada ya vita vya Yamama, vilivyoua mahafidhi wengi, yaani walioihifadhi Kurani kifuani, Sayidina Abubakar, kwa shauri la Sayidina Umar, alimwamuru Zayd bin Thabit aikusanye Kurani, naye akaikusanya kutoka makutini, maweni na vifuani mwa watu. Msahafu ukapatikana, wala kifua hakikuuzuliwa. Hata leo mtoto wa chuoni, hali msahafu mzima u mbele yake, huambiwa aufunike asome kwa ghibu, na mwalimu humrudisha kwa irabu moja tu. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu aya iliyomo kifuani humjia mwenyewe bila kuitwa, akiwa mgonjwa usiku, au akiwa mtumbwini ziwani pepo zimechafuka, mikono yote miwili imeshika kafi. Na kwa kumjia mara kwa mara humtengeneza tabia, kazi ambayo karatasi iliyo rafuni haiwezi.

Kitereza alituachia kitabu, hakutuachia chuo cha namna hiyo; nami nachelea kwamba sehemu kubwa ya alichotaka kukiokoa imo kurasani, haimo kwa watu.