Jani, Sindano na Maombi: Nani Humponya Mgonjwa wa Beni?

Miezi michache baada ya Ebola kutangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, tarehe 1 Agosti 2018, wafuatiliaji wa ugonjwa mjini Beni walianza kuona watoto wadogo wengi mno kwenye orodha zao. Walipouliza watoto hao walikuwa wamepitia wapi, majibu mengi yaliwapeleka kwenye vituo vidogo vya mitaani ambavyo watu huviita "tradi-moderni". Humo mganga mmoja huuza dawa za majani, huchoma sindano, hutundika dripu, na pengine humwombea mgonjwa. Mama alimpeleka mwanawe kwa homa ya malaria, na siku chache baadaye mtoto akashikwa na Ebola.

Wengi walifanya haraka kusema kwamba mila ndiyo iliyoua. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilielekeza shaka yake kwenye sindano zisizo salama, katika vyumba ambamo wagonjwa wa kila namna walichanganyika. Jani lililochemshwa halihamishi virusi kutoka mshipa wa mtoto huyu hadi wa yule. Sirinji iliyotumika mara mbili huvihamisha. Kilichoua, basi, kilikuwa chombo cha hospitali kilichotengwa na nidhamu ya hospitali. Majani yenyewe si adui: hata dawa inayochomwa leo kwa malaria kali, artesunate, ilitokana na mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya tiba vya China, na mwanasayansi Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuvumbua kiini chake.

Milima ya Beni, Butembo na Lubero ina ushahidi mwingine wa namna hiyo. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wamenunua huko magome ya mti wa Prunus africana na kuyasafirisha Ulaya, yanakogeuzwa vidonge vya wazee wenye matatizo ya tezi dume. Gome likiwa kwenye gunia huitwa dawa ya kienyeji. Likifika kwenye duka la dawa la Ufaransa huitwa dawa tu. Mti ni ule ule. Kilichoongezeka njiani ni kupimwa: kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi, na madhara gani.

Habari ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, inaeleza hilo vizuri zaidi. Mwaka 1995, Ebola ilipokuwa ikiangamiza watu katika mji wa Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba waliishi. Wanasayansi wengi wa nje hawakushawishika, na kwa kweli walikuwa na sababu: wagonjwa 8 ni wachache, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Wakati huo tiba ya Muyembe ilikuwa na hadhi ile ile ya dawa ya mganga (mfumu) yeyote, yaani ushuhuda wa waliopona. Hakukasirika akaacha. Kutoka damu ya manusura mmoja wa Kikwit ilipatikana kingamwili iliyoitwa mAb114, na kuanzia Novemba 2018 ikajaribiwa Mangina, Beni, Butembo na Katwa pamoja na dawa nyingine tatu. Agosti 2019 matokeo yalitoka. Kati ya waliopewa mAb114, walikufa asilimia 35 hivi. Kati ya waliopewa ZMapp, dawa iliyotumika kulinganishia nyingine, walikufa karibu nusu.

Kwa hiyo mwili una swali lake, nalo hujibiwa kwa kipimo. Lakini mgonjwa ana swali la pili, na hapo ndipo hospitali ilipokwama. Kwa nini mimi? Nani yuko upande wangu? Nikifa nitazikwa na nani?

Haya si maswali ya wajinga. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni walikuwa wakichinjwa usiku na makundi yenye silaha, na hawakuona dunia ikikimbilia kwao. Ilipokuja Ebola, yalikuja magari, fedha na walinzi wenye silaha. Desemba 2018 serikali ikaahirisha uchaguzi Beni na Butembo ikitaja Ebola kama sababu mojawapo, huku masoko na makanisa yakiendelea kujaa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Aprili 19, daktari Richard Mouzoko, raia wa Kamerun, aliuawa akiwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Mtu aliyepoteza imani kiasi hicho haendi kutafuta dawa kwa adui. Huenda kwa jirani anayesema Kinande, lugha ya eneo hilo, anayemjua mama yake, na anayekubali kulipwa kidogo kidogo.

Wapo wachungaji waliofundisha kwamba kukubali dawa ni kupungukiwa imani. Historia ya eneo hili inawapinga. Hospitali ya Oicha ilikuzwa na Dkt. Carl Becker, mmisionari aliyetibu wakoma kwa maelfu. Hospitali ya Matanda mjini Butembo ni ya Kanisa Katoliki, ya Katwa ni ya Wabaptisti. Kitabu cha Yoshua bin Sira katika Biblia, sura ya 38, kinafundisha kwamba Mungu ndiye aliyetoa dawa katika ardhi, kisha kinamtaka mgonjwa aombe na pia ampishe tabibu. Waraka wa Yakobo unawaita wazee waje na mafuta. Hakuna mahali maandiko hayo yanapomwambia mgonjwa achague kimoja.

Jibu zuri kuliko yote lilitolewa na wanawake waliopona Ebola. Karibu na vituo vya Beni na Butembo zilifunguliwa nyumba za kulelea watoto ambao mama zao walikuwa wametengwa. Kwa kuwa miili ya manusura ilikwisha kujenga kinga, waliweza kufanya kile ambacho wengine walikatazwa: kumbeba mtoto, kumnywesha maziwa, kumwimbia hadi alale. Shirika la tiba la ALIMA nalo lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki angavu. Familia ilikaa nje, ikamwona mgonjwa wake, ikazungumza naye na kuomba naye. Virusi havikuuawa na wimbo wala na ukuta huo. Lakini mtu aliyelala ndani hakuwa tena amepotelea nyuma ya hema, na ndugu hawakuwa na sababu ya kumficha mgonjwa wa pili.

Uuguzi wa namna hiyo ungestahili kubaki katika wodi za kawaida, za uzazi na za malaria, baada ya Ebola kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Padri aingie na mafuta yake. Ndugu wakae pale wanapoweza kuonekana. Muuguzi aulize bila dharau mgonjwa alikunywa majani gani, maana mengine hudhuru ini au hugombana na vidonge, na mgonjwa aliyeaibishwa hatasema. Mfumu afundishwe dalili za kumfanya ampeleke mtu hospitali siku hiyo hiyo, abaki na maombi na majani yasiyodhuru, ila sirinji aikabidhi. Na kabla ya kupiga marufuku tradi-moderni, serikali ihakikishe kila mtaa una posti ya afya iliyo wazi usiku, yenye dawa na muuguzi anayelipwa mshahara wake, kwa sababu homa ya mtoto haingoji asubuhi.