Sarafu Moja, Mashine Mbili

Je, mchezo ni upuuzi mtupu, au una kazi yake katika maisha ya binadamu? Swali hili si la watoto. Ni la wazazi wa Mwanjelwa na Uyole huko Mbeya, na la wazazi wa Kihesa na Ipogolo huko Iringa, ambao jioni humtuma mtoto dukani wakamngoja hata chai ikapoa, kumbe mtoto amesimama penye kibanda cha gemu, ameduwaa mbele ya kioo. Wengine hukata shauri upesi: mchezo ni adui wa kazi, basi na upigwe marufuku. Wengine husema: mwacheni, ndio utoto. Sisi twaona kwamba wote wamejibu kabla ya kuuliza.

Hebu tulitazame kwanza jambo lenyewe. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani iliweka katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California, mashine iliyoitwa Pong. Vijiti viwili vya mwanga vilirudishiana nukta moja kama wachezaji wa mpira wa meza, na mashine haikufanya kazi mpaka itiwe sarafu. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitunga Space Invaders, na mwaka 1980 Mjapani mwingine, Toru Iwatani, akatoa Pac-Man, mdomo wa duara ulao nukta njiani huku ukifukuzwa na vizuka vinne. Siku hizo sisi tulikuwa na mengine. Vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979, ukafuata uhaba wa bidhaa madukani, na Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia katika miaka ya 1970. Kwa hiyo michezo ile ilitufikia kwa kuchelewa, ndani ya vikasha vya kuunganishwa na televisheni, na leo imo hata katika simu ya mkononi.

Lililo la ajabu ni kudumu kwake. Mashine ngapi zilizotengenezwa miaka ileile zimekwisha kutupwa, na hakuna azikumbukaye! Lakini Pac-Man, yenye umri wa zaidi ya miaka 40, yachezwa bado, na mtoto aliyezaliwa juzi huielewa kwa dakika moja bila kufundishwa na mtu. Uzuri wa picha hauwezi kuwa ndio sababu, maana picha zenyewe ni duara na nukta tu. Ni nini basi?

Twadhani ni haki. Ndani ya kioo kile sheria ni chache, zi wazi, wala hazimjui mtu. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa muuza viazi huanza mahali pamoja, hufukuzwa na vizuka vilevile, na hakuna barua ya mjomba iwezayo kumvusha mmoja wao. Akishindwa, huliona kosa lake kwa macho yake: alichelewa kukata kona. Hana wa kumsingizia. Tena papo hapo hupewa nafasi ya kuanza upya, wala hakuna amkumbushaye makosa ya jana.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulielewa. Katika michezo hii ya kale mchezaji hana budi kushindwa. Katika Space Invaders, wavamizi wakipungua huzidi mbio. Chanzo chake kilikuwa udhaifu wa mashine yenyewe: ilielemewa na wavamizi wengi, ikawa nyepesi walipopungua, naye Nishikado akaona yafaa, akaiacha hivyo. Ukiwamaliza wote, kundi jingine lashuka. Pac-Man nayo haikutungiwa mwisho. Mtu akifika hatua ya 256, hesabu ya mashine hupita kiasi chake na nusu ya kioo huvurugika. Hapo hakuna kombe, mashine imeshindwa kuhesabu tu. Basi mtu mwenye akili atafutaje furaha katika vita asivyoweza kuvishinda? Jibu letu ni kwamba hashindani na mashine. Hushindana na yeye mwenyewe wa jana, aliyefika hatua ya tano, na leo ataka kufika ya sita.

Wazee wetu hawatalishangaa jambo hili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na zote zi wazi mbele ya wachezaji. Hakuna dadu, wala karata iliyofichwa. Mwalimu Nyerere alilipenda, na ng'ambo ya mto Songwe, katika Malawi, ndugu zetu hulicheza na kuliita bawo. Aliyefungwa bao hawezi kuilaumu bahati. Hukuna kichwa, huyatafakari aliyoyakosa, kisha husema: tupange tena. Kijana penye kibanda cha gemu afanya lilelile alilolifanya babu yake chini ya mti.

Mzazi atatujibu: Maneno haya ni mazuri, lakini aliyeitunga mashine alitaka sarafu, ndiyo maana akaifanya imshinde mtu upesi. Ni kweli, wala hatulifichi. Lakini fundi cherehani naye ataka fedha, na hatumwiti mwizi. Twauliza tu kama ametoa alichokiuza. Mwenye mashine aliuza dakika chache za mchezo, na mchezaji alizipata. Zaidi ya hayo, kadiri mchezaji alivyojifunza ndivyo sarafu ileile ilivyomfikisha mbali. Ustadi wa mtoto ulipunguza faida ya mwenye mashine. Biashara ambayo mnunuzi huweza kuishinda kwa kujifunza si biashara ya hila.

Sasa itazameni mashine ya pili. Nayo yang'aa, nayo yapiga muziki, nayo yala sarafu. Imewekwa katika baa na vibanda, mahali pengine hatua chache tu kutoka kile cha gemu. Ni mashine ya kubahatisha. Watu huiita mchezo, na jina hilo ndilo linalotudanganya. Aliyeichezea mara elfu moja hajui chochote zaidi ya aliyeanza leo, kwa maana hakuna cha kujua. Jicho la wepesi halimsaidii, wala subira, wala akili. Mashine imepangiwa hesabu ambayo, kwa muda mrefu, lazima imfaidie mwenyewe, na hakuna ustadi uwezao kuipunguza. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yamkataza aliye chini ya miaka 18 kuigusa, na haikukosea. Kwa kuwa mtoto aliyejifunza katika mashine ya kwanza kwamba juhudi huzaa tunda, katika hii ya pili hufundishwa kinyume chake: kwamba juhudi ni bure, na tunda hudondoka lenyewe. Atakayeliamini fundisho hilo atalichukua hata shambani na darasani.

Hata hivyo, hatusemi kwamba mashine ya kwanza haina hatari. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristoteli, aliuliza katika karne ya 13 kama kuna fadhila katika mchezo, akajibu kwamba ipo. Roho huchoka kama mwili uchokavyo, na mchezo ni pumziko lake; asiyecheza kabisa na kuwaudhi wachezao ana kasoro, na apitaye kiasi ana kasoro pia. Pumziko ni kwa ajili ya kazi. Asiye na kazi apumzika kutoka wapi?

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo hili. Kijana aliyemaliza shule, aliyeomba kazi asijibiwe, huingia kibandani saa tatu asubuhi akatoka jua likichwa. Twamwita mvivu. Lakini fikirini anachokipata mle: sheria anazozielewa, juhudi inayohesabiwa palepale, na ruhusa ya kuanza tena baada ya kuanguka. Je, nyumbani hupata hayo? Kazini, kama anayo, huyapata? Kama haki aionayo ni ile ya kioo tu, tusistaajabu akikataa kukiacha. Kukivunja kibanda hakutampa kile alichokifuata.

Basi tunawashauri wazazi hivi. Ingieni kibandani, mkatazame mnacholipia. Ulizeni kama mtoto ataka mchezo ambao kesho atauweza zaidi kuliko leo, au ule usiomfundisha neno. Huu wa pili mkatazeni bila kusitasita. Ule wa kwanza muupimie saa, kama mpimavyo chumvi katika chakula. Kisha, na hili ndilo zito, itazameni nyumba yenu wenyewe. Amri zake zi wazi, au hubadilika kwa hasira ya baba? Mtoto aliyejitahidi akapata alama 40 badala ya 30, yuko aliyeziona zile kumi? Na aliyekosa jana, aruhusiwa kuanza upya leo?

Mashine iliyotungwa kwa kutafuta sarafu imewapa watoto wetu mambo hayo kwa miaka mingi. Itakuwa aibu kwetu tuwapendao ikiwa tutawanyima.