Cheo cha Akida: Je, Humpa Mtu Heshima?

Amma baad. Ndugu msomaji, fahamu ya kuwa hapa kwetu, tangu Kilwa hata Mikindani na Kionga, hapana cheo kilichopanda na kushuka kama cheo cha akida. Neno hili ni la Kiarabu, nalo latoka katika kufunga fundo. Itikadi ya dini ni tawi la shina lilo hilo. Basi akida ni mtu aliyefungwa na ahadi, kwa yule aliyemweka na kwa wale aliowekwa juu yao.

Zama za Masultani wa Unguja akida alikuwa mkuu wa askari, kama jemadari alivyokuwa mkuu wa Mabulushi. Wadachi walipoitwaa pwani hawakulifuta jina hilo, bali walilitwaa pamoja na miji. Akida akawa mtoza kodi. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, kisha ikaja pamba ya kulimwa kwa amri. Vita vya Maji Maji vilipozuka Umatumbi mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa awali.

Huenda mtu akasema: akida alitumwa tu, na dhambi ni ya aliyemtuma. Twajibu: sheria yetu haikumpa mtu ruhusa ya kudhulumu kwa kuwa ametumwa. Wala hatusemi kila akida alikuwa dhalimu. Twasema fundo lina ncha mbili. Mwenye kushika ncha ya bwana wake na kuiacha ncha ya raia, huyo fundo lake limekwisha kufunguka, hata akivaa joho.

Mtazame Khalid bin Walid. Sayyidna Umar aliposhika ukhalifa mwaka 13 wa Hijra, alimwondoa katika ukuu wa majeshi ya Sham, akamweka Abu Ubaida. Khalid hakuasi wala hakurudi nyumbani. Alipigana chini ya mwenziwe. Cheo kilitoka, mtu akabaki.

Na kwetu? Baada ya mwaka 1926 Waingereza waliwaondoa maakida sehemu nyingi. Cheo kilitoka, na kwa wengi kilichobaki ni kumbukumbu ya kiboko.

Basi wewe uliyepewa leo uenyekiti wa mtaa, ukamanda, au funguo za msikiti, jiulize kabla hujaulizwa: siku nitakapovuliwa jina hili, watu watanitolea salamu kwa hiari yao? Cheo ni amana, na amana ina siku ya kurudishwa.

Wallahu aalam.