Mwulize Mwenyewe

Andiko kuu: Marko 10:46–52. Soma pia 1 Samweli 1:9–18 na Yohana 9:1–34.



Kuna swali la Yesu ambalo ukilisoma haraka unaweza kudhani halina maana. Bartimayo ameketi kando ya njia pale Yeriko. Ni kipofu, ni mwombaji, na watu wa mji wanamjua. Anapaza sauti, umati unamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anamwita, halafu anamuuliza anataka afanyiwe nini. Hebu fikiria. Kipofu atataka nini tena? Hata mtoto wa shule ya Jumapili angejibu. Lakini Yesu, ajuaye yote, hakumjibia. Alingoja neno litoke kinywani mwa Bartimayo mwenyewe.

Nimekaa na swali hilo kwa sababu ya jambo lililo katikati yetu ambalo hatuliongelei sana: usonji. Kuna watoto na watu wazima wenye usonji katika familia zetu. Wengine wanaongea vizuri, wengine hawaongei kwa mdomo. Wengine wana kazi na nyumba zao, wengine watahitaji kutunzwa siku zote. Na mara nyingi tunawajadili wakiwa wameketi hapo hapo, kana kwamba hawapo. Basi nauliza: ni nani mwenye haki ya kutuambia usonji ni nini? Daktari? Mzazi? Mchungaji? Ama yule anayeuishi?

Hesabu ya upande mmoja

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 aliowachunguza. Tangu hapo usonji ukawa na jina katika vitabu vya utabibu. Namshukuru Mungu kwa madaktari. Mzazi akipata jina la kile anachokiona kwa mtoto wake, anaanza kupata msaada. Watu wengi wenye usonji wana kifafa pia, na kifafa kinahitaji dawa. Usiache kwenda hospitali kwa sababu ya makala hii!

Lakini angalia lugha. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unaueleza usonji kwa kuhesabu upungufu: upungufu katika kuwasiliana, upungufu katika kuhusiana na watu. Mimi nilisomea biashara, na jambo la kwanza unalofundishwa katika uhasibu ni kwamba mizania ina pande mbili, mali na madeni. Ukiniletea vitabu vya duka vyenye madeni peke yake, sitasema duka limefilisika. Nitakuambia hesabu yako haijaisha.

Hesabu ya namna hiyo imewahi kuumiza watu. Kwa miaka mingi wataalamu fulani walifundisha kwamba mtoto hupata usonji kwa sababu mama yake hana upendo. Bruno Bettelheim alieneza fundisho hilo kwa kitabu mwaka 1967. Lilikuwa uongo, na akina mama wengi walilibeba wakilia. Huko mama aliambiwa moyo wake ni baridi. Huku kwetu anaambiwa ni laana ya ukoo. Wanafunzi nao walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Wenyewe wanasema nini?

Jim Sinclair ni mtu mwenye usonji ambaye hakuzungumza kwa mdomo mpaka umri wa miaka 12. Mwaka 1993, kwenye mkutano wa Toronto, Kanada, aliwaambia wazazi jambo zito. Aliwaambia kwamba usonji si ganda ambalo ndani yake amejificha mtoto mwingine wa kawaida. Huzuni ya mzazi ni ya kweli, lakini ni huzuni ya mtoto aliyemtarajia. Mtoto aliyezaliwa yuko hai, yuko mbele yake, na anamhitaji sasa.

Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani, alianza kueleza maisha yake katika kitabu cha 1986. Yeye na wengine wengi wameandika jinsi sauti kubwa inavyoumiza na jinsi kuguswa ghafla kunavyoweza kuwa mateso. Wengine wanasema kukutazama machoni kunawachosha kiasi kwamba hawasikii tena unachosema, na kwamba kupunga mikono au kujitikisa kunawatuliza. Sasa sikia hili. Toleo la 1994 la ule mwongozo wa madaktari halikuweka mambo haya ya hisia miongoni mwa vigezo vya usonji. Toleo la 2013 ndilo lililoyaweka. Mashahidi walikuwa wameshasema, kitabu kikafuata.

Hapo namkumbuka kuhani Eli. Alimwona Hana midomo ikicheza bila sauti, akaamua kwamba amelewa. Alitazama mwili, akatoa hukumu. Hana alipojieleza ndipo Eli akajua kwamba mwanamke huyu alikuwa akimimina moyo wake mbele za Bwana. Na tumpe Eli heshima yake: aliposikia, alibadilika, akambariki.

Kutoelewana kuna pande mbili

Tunazoea kusema watu wenye usonji hawaelewi wenzao. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliuliza: na ninyi, mnatuelewa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, katika utafiti uliochapishwa 2020, walifanya kitu kama ule mchezo wa watoto wa kunong'onezana. Hadithi ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu katika vikundi vya watu wanane. Vikundi vya wenye usonji peke yao viliihifadhi hadithi sawasawa na vikundi vya wasio na usonji. Hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Kwa hiyo shida haiko kwa mmoja tu. Iko kati yetu, na ikiwa iko kati yetu, sehemu ya kazi ni yangu na yako.

Na uponyaji je?

Najua mtu ameshauliza: Pasta, kwani sisi hatuamini Mungu anaponya? Tunaamini! Bartimayo aliomba kuona, akaona. Lakini aliomba yeye. Sisi wakati mwingine tunamvuta mtoto mbele, tunamwekea mikono watu kumi, tunapaza sauti kwenye maikrofoni, na akipiga kelele tunasema pepo limejitokeza. Pengine ni masikio yanamuuma. Mapepo yapo, sikatai. Lakini Biblia haijatupa ruhusa ya kumwita pepo kila mtu tusiyemwelewa.

Ukimuuliza, huenda akakuambia anataka umwombee apate usingizi, au hofu impungue, au apate rafiki mmoja. Huenda mwingine akasema anataka usonji wenyewe uondoke, maana hawasemi wote jambo moja. Ombea hilo alilolisema.

Asiyeweza kusema

Mzazi mwingine atasema: wangu haongei, nimuulize nini? Mama, baba, sikupuuzi. Unalala saa tatu kwa usiku, na hakuna mtu anayekupokea hata Jumapili moja. Wewe ni shahidi pia, na shahidi wa karibu kuliko mimi. Lakini kutosema si kukosa la kusema. Wapo wanaojibu kwa picha, kwa kuandika, kwa kukuvuta mkono, kwa kukimbia chumba fulani kila mara. Hilo nalo ni jibu. Wazazi wa yule kipofu wa Yohana 9 waliwaambia Mafarisayo wamwulize mwenyewe, kwa kuwa ni mtu mzima. Walisema kwa hofu, lakini walisema kweli. Na mwanawe aliposimama kujieleza, wasomi wote walishindwa kumjibu.

Wiki hii tufanye haya

Kwanza, ukikutana na mtu mwenye usonji, ongea naye kabla ya kuongea na mzazi wake. Mpe muda. Usimlazimishe kukutazama wala kukumbatiana.

Pili, wanaopanga ibada, punguzeni spika za nyuma, na mtenge kona moja tulivu ambapo mtu anaweza kutoka na kurudi bila kuangaliwa vibaya.

Tatu, usiweke mkono juu ya mtu kabla hajakubali. Ombi la imani halihitaji nguvu za mikono.

Paulo anafundisha katika 1 Wakorintho 12 kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Tusiwe ule umati wa Yeriko, uliokuwa karibu na Yesu na bado ukamnyamazisha mtu aliyekuwa akimwita.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe ulisimama ukauliza. Tupe masikio kabla ya kutupa maneno. Wabariki ndugu zetu wenye usonji, watie nguvu wanaowatunza, na utufundishe kungoja jibu lao. Amina.